Chombo chenye ndugu wengi: historia ya spea Bukoba na Muleba



Kila msimu wa kahawa unapokaribia, maswali huja yale yale: fedha ikipatikana, ninunue chombo gani cha kubebea mzigo? Siku hizi, mbali na pikipiki na guta, wapo wanaouliza kuhusu pikipiki za matairi manne, zile za bei nafuu zinazotoka China. Wanaziona kwenye simu zikipanda milima na kupita kwenye matope. Mtu wa Kamachumu au Izigo anayetoa mikungu kibanjani na kuifikisha barabarani anaona kabisa kwamba kile ni chombo chake.

Kabla ya kuuliza nguvu ya injini, mimi huuliza spea zitatoka wapi. Leo nitaeleza sababu kwa njia ya historia, maana jambo hili si geni hapa kwetu. Kwa zaidi ya miaka mia moja vyombo vya kila aina vimeingia Bukoba na Muleba kutoka nje. Vingine vilikaa na kulisha familia. Vingine viliota nyasi nyuma ya nyumba. Ukifuatilia utaona kwamba vilivyokaa vilikuwa na ndugu wengi: vyombo vingine vilivyo jirani vinavyotumia spea zile zile.

Wakati chuma kilipotoka hapa hapa

Pale Katuruka, karibu na Maruku, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walichimba kuanzia miaka ya 1970 na kukuta mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za kama miaka 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya walikuwa bado wanaikumbuka kazi ile, na waliwaonyesha watafiti namna tanuru ilivyojengwa na mivuo ilivyopulizwa.

Wakati huo habari ya spea haikuwa na ugumu. Jembe likivunjika, aliyelifua alikuwa mtu wa kijiji cha jirani. Ulimpelekea lile lile, akalirudisha motoni.

Kisha yakaja majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo, rahisi kuliko kuchoma mkaa na kuyeyusha mawe. Tanuru zikazimika. Ufuaji wenyewe haukufa, na mpaka leo fundi wa kuchomea vyuma wa Rwamishenye au Muleba mjini anaweza kukutengenezea keria, stendi au bodi la guta. Pistoni na beringi hawezi kukutengenezea. Tangu tanuru zilipozimika, sehemu ya kila chombo tunachotumia inategemea njia ndefu ya kutoka mbali. Njia hiyo ikikatika, chombo nacho kinasimama.

Ziwa, reli na baiskeli

Kituo cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani. Mizigo ilikwenda kichwani. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu, na meli za ziwani zikaunganisha Bukoba na reli hiyo. Ikawa mzigo wa Bukoba unaifikia bahari kwa njia ya Kisumu na Mombasa kwa urahisi kuliko kwa njia ya Dar es Salaam. Ngozi na kahawa zilitoka, nguo na vyuma vikaingia. Reli ya upande wetu ilifika Mwanza mwaka 1928, na kuanzia hapo Bukoba ikawa na milango miwili ya ziwani, Kisumu na Mwanza, pamoja na njia ya nchi kavu ya kwenda Uganda.

Fedha za kahawa ndizo zilizoleta mabati na baiskeli. Baiskeli iliyotawala mwanzoni ilikuwa ya Kiingereza, na Raleigh ndilo jina wazee wengi wanalolikumbuka. Ilibeba magunia ya kahawa ya maganda, mikungu, wagonjwa na maharusi.

Baadaye zikaja baiskeli za bei nafuu. Kampuni ya Hero ya India ilianza kutengeneza baiskeli mwaka 1956, na jina la Phoenix likaanza Shanghai mwaka 1958. Pale Dar es Salaam kikaja kiwanda cha Swala. Mtu angetegemea kwamba majina hayo mengi yangeleta vurugu ya spea. Haikuwa hivyo, kwa sababu Hero na Phoenix zilifuata umbo la ile ile baiskeli nzito ya Kiingereza: fremu ya almasi, tairi la inchi 28, breki za vyuma. Tairi, tyubu, cheni na kiti vya Kihindi vilikaa kwenye ya Kiingereza, na vya Kichina vikakaa kwenye ya Kihindi. Fundi aliyekaa chini ya mwembe na kopo lake la vyuma aliweza kuitoa baiskeli yoyote barabarani ikiwa nzima.

Kwa hiyo waliosema "hii ni nakala tu" walisema kweli, ila kunakiliwa huko ndiko kulikomwokoa mnunuzi. Kila nakala mpya ilimwongezea ndugu mwenye baiskeli ya zamani.

Milango ilipofungwa

Idi Amin alichukua madaraka Uganda Januari 1971, na njia ya Kampala ikaanza kuwa ya mashaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavamia ng'ambo ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita viliendelea hadi 1979.

Tazameni maana yake kwa mwenye lori au baiskeli wa Bukoba. Kampala haipitiki na Kisumu hakuna. Mlango uliobaki ni Mwanza na reli ndefu ya kwenda Dar es Salaam, na huko nako nchi haikuwa na fedha za kigeni. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, kwa hiyo hata mkono wa ushirika wa kahawa haukuwepo. Tairi, betri na beringi zilikuja kwa mgawo. Lori zima lilisimama kwa kukosa kitu kinachoenea kiganjani. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na wenye maduka wakaogopa kuweka hata akiba halali.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na spea zikaanza kurudi madukani pole pole.

Wenye baiskeli walivuka miaka ile vizuri kuliko wenye vyombo vya pekee, kwa kuwa baiskeli tatu zilizokufa ziliweza kuzaa mbili zinazotembea. Lori la aina iliyo peke yake wilaya nzima halikuwa na pa kukopa. Ilikuwa hivyo pia kwa pikipiki nyingi za miradi. Zilikuwa imara, na spea zake zililetwa na mradi wenyewe. Mradi ukifungwa, njia ya spea ilifungwa nao, na pikipiki ikabaki stoo ingawa injini haikuwa imechoka.

Injini moja, majina mia

Pikipiki zilizojaza barabara zetu leo zina asili yake. Miaka ya 1970 Honda waligundua kwamba katika nchi nyingi maskini pikipiki zao zilikuwa zinakufa mapema. Watu walibeba mzigo mkubwa, walichelewesha kubadili oili, na hawakuwa na karakana karibu. Wakaunda injini ya kuvumilia mambo hayo. Waliondoa cheni ndogo inayopanda hadi kichwa cha silinda, wakatumia vijiti vya kusukuma valvu, kwa sababu oili chafu iliharibu mfumo ule wa kwanza haraka. Injini hiyo ni Honda CG125, na ilianza kuuzwa mwaka 1976.

Viwanda vya China, vingi vikiwa katika mji wa Chongqing, vikaichukua injini hiyo na kuizalisha kwa wingi. Vilinunua pistoni, kabureta na klachi kutoka kwa watengenezaji wadogo waliouzia viwanda vingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hapa kwetu zilipoingia pikipiki za majina mengi, SanLG, Toyo, Fekon, Sinoray na nyinginezo, fundi alizifungua akakuta ndani ni kitu kile kile. Guta nyingi za mizigo nazo zinabeba injini ya ukoo huo, ila imepanuliwa.

Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ikaenea Uganda na kuvuka kuja kwetu. Kanuni za mwaka 2010 zikairuhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni Tanzania. Vijana wengi wakaingia barabarani, na kila kijiwe kikaita duka la spea karibu yake.

Baadaye Bajaj Boxer na TVS kutoka India zikachukua nafasi kubwa. Hizi si za ukoo wa CG, na pistoni ya Boxer usiitafute kwenye SanLG. Undugu wake ni wa wingi: ziko nyingi mno hata duka dogo la Nshamba au Katoro linaona faida kuweka spea zake. Basi chombo kinaweza kuwa na ndugu wa damu, kikachangia spea na vyombo vya majina mengine, au kikawa na ndugu wa idadi, kwa sababu aina hiyo hiyo imejaa mtaani. Chombo kisicho na undugu wowote kati ya huo ni yatima.

Pikipiki ya matairi manne ina ndugu gani?

Chombo hiki kilianzia kwenye pikipiki ya matairi matatu ya Honda ya mwaka 1970, iliyouzwa Marekani kwa watu wa kujifurahisha mashambani na kwenye theluji. Suzuki wakaleta ya matairi manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zile za matairi matatu zilipinduka na kuumiza watu wengi mno, hata mwaka 1988 kampuni zikakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza mpya nchini humo. Ya matairi manne ni afadhali, lakini nayo hupinduka, hasa ikikatiza mteremko kwa ubavu ikiwa na mzigo juu. Nyingi zimeundwa kwa mtu mmoja. Miteremko ya Muleba mnaijua.

Zile za bei nafuu za China mara nyingi zina injini ya ukoo wa CG, au ya ukoo mwingine wa Honda unaoitwa Cub, ulioanza mwaka 1958, ambao silinda yake imelala kuelekea mbele. Kwa hiyo injini ina ndugu. Pistoni, ringi, kabureta, plagi, koili, sahani za klachi, beringi na cheni unaweza kuvipata au kuvilinganisha.

Taabu iko chini ya injini. Tairi zake ni fupi na pana, na namba kama 19x7-8 huikuti kwenye duka la spea za bodaboda. Ekseli ya nyuma, vichwa vya usukani, mikono ya mbele na gia ya kurudi nyuma ni vya aina yake peke yake. Nyingine hazitumii cheni bali mkanda, kama skuta, na skuta huku ni chache. Hiyo ndiyo sehemu yatima, na ndiyo inayopigwa na mawe, matope na mzigo kila siku.

Kusoma ukoo wa chombo

Usisome stika, soma chuma. Kwenye injini, sehemu ya chini, kuna herufi na namba zilizogongwa. Nyingi za Kichina huandikwa hivi: 156FMI, 162FMJ, 163FML, 152FMH. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda. Mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. F ni injini inayopozwa kwa upepo, M ni pikipiki. Herufi ya mwisho ni ukubwa: H ni kama 110, I ni 125, J ni 150, L ni 200. Kwa hiyo 162FMJ ni silinda moja ya milimita 62, injini ya 150. Namba hiyo mwambie muuza spea kabla hujamtajia jina la chombo. Hata hivyo, viwanda hupishana kwenye vitu vidogo, kwa hiyo beba spea kuukuu mkononi uilinganishe.

Plagi pia hueleza ukoo. Injini za CG hutumia plagi ya uzi wa milimita 12, kama D8TC. Za Cub hutumia ya milimita 10, kama A7TC. Ukimwona fundi analazimisha plagi, mzuie. Uzi wa kichwa cha silinda ukiharibika, gharama yake ni kubwa.

Beringi ndizo zenye ndugu wengi kuliko vyote. Namba yake imeandikwa ubavuni na ni ya dunia nzima. 6202 ni ya shimo la milimita 15, nje 35, unene 11, iwe kwenye gurudumu la pikipiki au kwenye mota ya umeme. 6301 ni 12, 37 na 12. Ukiikosa kwa wauza pikipiki, itafute kwa wauza vifaa vya mashine za kusaga.

Cheni za 420 na 428 zina hatua sawa ya milimita 12.7, ila 420 ni nyembamba. Usifunge cheni ya namba moja kwenye meno ya namba nyingine. Badilisha vyote pamoja.

Kabla hujatoa fedha

Andika spea nane za chombo unachotaka: tairi, beringi ya gurudumu, cheni au mkanda, kebo ya klachi, pedi au viatu vya breki, pistoni na ringi, kabureta, na kichwa cha usukani. Nenda kwenye maduka matatu, Bukoba mjini na Muleba. Usiulize kama "zinapatikana", maana jibu huwa ni "zinaagizwa". Omba uonyeshwe. Weka alama kwa kila uliyoishika mkononi. Kama tairi na usukani havionekani popote, basi bei uliyotajiwa haijakamilika. Ongeza seti moja ya tairi na vichwa vya usukani, vinunue siku ile ile unaponunua chombo, ndipo ulinganishe na bei ya guta.

Kwa zilizokosekana, uliza njia yake. Kariakoo ni kama kilometa 1,400 kutoka Bukoba. Mutukula ni kama kilometa 80 tu, na Kampala iko mbele yake. Ukinunua Uganda, kumbuka spea iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kupitia Kampala. Pita forodhani, lipa kinachotakiwa, tunza risiti. Kwa mfanyabiashara wa kijijini, mzigo mmoja ukikamatwa hula faida ya mizigo mingi.

Kisha piga hesabu ya siku za kusimama. Chukua mfano: chombo kinakuingizia shilingi 15,000 kwa siku baada ya mafuta. Spea ya shilingi 40,000 ikichelewa wiki tatu, umepoteza shilingi 315,000 juu ya ile 40,000. Spea ile ile ingekuwa duka la jirani, hasara ingekuwa ya siku moja.

Hesabu hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye butura. Chombo kimesimama, marejesho ya mkopo yanadaiwa, ada ya shule imefika, na kahawa bado ina maua. Anakuja mtu na fedha mkononi, ananunua mavuno yako kwa bei ya kutupa. Mwaka mzima wa kazi ya kibanja unakwenda kwa ajili ya kitu kidogo ambacho hakikuwa dukani.

Mwenye kibanja kikubwa tambarare, mwenye fundi anayemwamini na akiba ya spea ndani, anaweza kuinunua pikipiki ya matairi manne na ikamfaa. Kwa wengi wetu wa vilimani, wenye chombo kimoja cha kutegemea, ushauri wangu ni pikipiki au guta ya aina iliyojaa kijiwe cha karibu nawe. Hata kama si nzuri kuliko zote, itarudi barabarani kesho.

Na ambaye tayari ameshanunua ya matairi manne, asikate tamaa. Fungua daftari. Andika namba ya injini, plagi, beringi za mbele na nyuma, cheni na meno yake, na namba ya tairi. Kila spea inayobadilishwa, andika ilikotoka na ilitoshea vipi. Watafute wenye chombo kama chako, hata kama wako Karagwe au Geita, mwagize tairi kwa pamoja. Mkiwa watano, muuza duka ataanza kuwawekea spea.